Nilivyombadilisha Mume Wangu kwa Mlinzi wa Kimamba

Vijana wangu, nawaona. Mnakaa kwenye kibaraza cha duka pale stesheni, simu mkononi, mnabadilishana wachezaji wa Marekani kama mnagawana karanga. Huyu aende kule, yule aje huku, timu ya tatu itoe zamu yake ya kuchagua chipukizi. Juzi mmoja wenu alinieleza, kwa upole wa mtu anayemfundisha bibi yake kuwasha taa, kwamba mpango wa timu tatu ni mambo ya kisasa ambayo sisi wa zamani tusingeyaelewa. Nikamjibu "marahaba", ingawa hakuwa ameniamkia.

Basi kaeni vizuri. Mimi, Mwalimu Naomi, nimefundisha mpira wa kikapu hapa Kilosa tangu bendera ingali mpya hadi magoti yalipoomba kustaafu kabla yangu. Mpango wa timu tatu niliufanya mkiwa bado hamjatungwa mimba, na mchezaji niliyemtoa alikuwa anakula ugali mezani kwangu. Alikuwa mume wangu.

Kwanza muelewe timu zilivyokuwa. Hakuna aliyelipwa kucheza. Ulipewa kazi, na mpira ukaja juu yake kama chumvi. Timu yangu, Radi ya Kilosa, ilikuwa ya mafundi wa reli na watu wa kiwanda cha pamba. Katani ya Kimamba ilitoka kwenye mashamba ya mkonge. Nyati wa Mikumi walikuwa wajenzi wa barabara kuu, wenye kambi yao kule porini. Ukimtaka mchezaji wa mwenzako, ilibidi umtafutie kazi kwako, halafu umpatie mwenzako mtu wa kuziba pengo. Kwa hiyo kocha alikuwa nusu mwalimu, nusu mshenga.

Chipukizi nao walikuwa na utaratibu wao. Hapo mwanzo tuliwawinda kiholela. Vijana wakimaliza shule, makocha tunawavamia na ahadi: godoro, baiskeli, kazi ya kivulini. Mpaka siku Chitemo, kocha wa Kimamba, na Haule, kocha wa Mikumi, walipomvuta kijana mmoja mbele ya mwalimu mkuu, huyu mkono wa kulia, huyu wa kushoto, kijana katikati analia kwamba yeye anataka kwenda kusomea ufamasia. Kamati ya michezo ikaona aibu, ikaamua tuchague kwa zamu, na timu iliyoshika mkia ianze. Mabenki yalikuwa yametaifishwa, mashamba yametaifishwa. Sasa na urefu wa watoto wa watu ukataifishwa, ukagawiwa kwa foleni.

Msidhani kupewa zamu ya kwanza ni kupewa akili. Mimi mwenyewe niliwahi kuitumia kwa kijana wa Msowero aitwaye Yona. Alikuwa mrefu hata akisimama mlangoni tulikuwa tunaongea na tumbo lake. Tatizo la Yona lilikuwa malezi mema. Adui akimwambia, "Lete mpira, ndugu yangu," Yona anampa. Nikamuuliza kwa nini. Akasema, "Mwalimu, aliomba vizuri." Baadaye akawa mganga msaidizi, mpole, wagonjwa wanampenda sana. Mpira haukumtendea haki na yeye hakuutendea.

Baada ya Yona nilibadili namna ya kutazama, na hili liandikeni hata kwenye hizo simu. Usimtazame anayefunga. Anayefunga kila mtu anamwona, hata mbuzi waliofungwa pembeni ya uwanja. Mtazame anayepoteza mpira: je, anasimama kumlaumu mwenzake, au anageuka kukimbia nyuma? Mtazame kabla hajapewa mpira: macho yake yapo wapi? Tena, kabla hujaamua, nenda nyumbani kwao ukamwamkie mama yake. Ukisema "shikamoo mama" na yule mama akainuka, akaendelea kuinuka, basi kijana bado ana urefu wa kuongeza. Chitemo alikuwa akiniuliza mbona nawapenda sana akina mama wa watu.

Sasa tuje kwa mume wangu. Gervas Mkude alikuwa fundi wa mitambo katika kiwanda cha pamba na mfungaji bora kutoka hapa mpaka Morogoro. Alikuwa na hila moja. Anashika mpira, anauinua kama anataka kurusha, adui anaruka. Gervas anamsubiri ashuke kama mtu anayesubiri basi, halafu ndipo anarusha. Miaka nenda miaka rudi walimrukia. Walijua, na bado waliruka.

Lakini Radi ilikuwa inazeeka. Wenzake Gervas walihamishwa mmoja mmoja, wengine walinenepa, na waliobaki walishakuwa watazamaji waliovaa jezi. Vijana wakipata mpira wanampa Gervas, kisha wanasimama kumwangalia kama wamelipa kiingilio. Anafunga sana na tunafungwa sana. Jumapili watu wanamsifu Gervas kanisani, Jumatatu wananiuliza mimi kwa nini tunashika mkia.

Ndipo Mwenyekiti wa kamati yetu alipokuja na fikra zake. Alikuwa mtu wa hotuba. Ukimwuliza saa ngapi, anaanzia ukoloni. Akatuita uwanjani, akaunyooshea kidole.

"Ndugu zangu, taifa linataka pamba. Timu ikishika mkia tena, uwanja huu utalimwa."

"Pamba kwenye uwanja wa kikapu, Ndugu Mwenyekiti?" nikauliza.

"Mwalimu Naomi, ardhi isiyozalisha ni ya kupe."

Uwanja ule tuliutengeneza kwa mikono yetu. Tulibeba udongo wa kichuguu kwa ndoo, tukaumwagia maji, tukautwanga na kuutwanga mpaka ukang'aa. Watoto wangu wa shule walijifunza kuhesabu pale, kwa kudunda mpira. Hakukuwa na uwanja mwingine wa kikapu mjini. Nikarudi nyumbani nikiwa na hasira, nikamtazama Gervas akikanda goti lake kwa maji ya moto, na wazo likanijia ambalo mke mwema hapaswi kuwa nalo.

Haule wa Mikumi alimtamani Gervas. Haule alikuwa nyapara wa kambi, na alijua barabara ikikamilika kambi itahama, kwa hiyo alitaka kombe sasa hivi, si kesho. Shida ni kwamba hakuwa na mtu niliyemhitaji. Alichokuwa nacho ni wachezeshaji wawili wazuri, Hamisi na mwingine, wanaogombea mpira mmoja. Chitemo wa Kimamba hakuwa na mchezeshaji hata mmoja. Timu yake ilikimbia kama kuku waliorushiwa jiwe. Lakini alikuwa na mtu langoni mwa shamba la mkonge, mlinzi aitwaye Saitoti, kijana wa familia ya wafugaji, mrefu, mkimya, aliyekuwa akitolewa nje kwa madhambi kila mchezo kabla jasho halijamtoka. Chitemo alikuwa amemchoka.

Mnaona sasa? Gervas aende Mikumi. Hamisi atoke Mikumi aende Kimamba. Saitoti atoke Kimamba aje Kilosa. Na kwa kuwa Gervas alikuwa Gervas, Kimamba waniongezee zamu yao ya kuchagua mwaka ule. Ya kwanza ilikuwa yangu tayari kwa ushujaa wa kushika mkia.

Tukakutana Kimamba kwenye mgahawa karibu na reli. Chitemo alisikiliza, akatafuna andazi lake mpaka mwisho.

"Mwalimu, unamtoa mumeo kwa mlinzi wangu?"

"Na zamu yako ya kuchagua."

"Huyo mlinzi hawezi kusimama uwanjani bila kumgonga mtu."

"Ndiyo maana nakupunguzia mzigo."

Haule yeye hakuuliza lolote. Alikuwa ameshaanza kutabasamu kama mtu aliyeokota. "Na mwenyewe Gervas amekubali?"

"Wote mmekubali," nikasema. "Amebaki yeye."

Kamati ndiyo ilikuwa kigingi. Mwenyekiti alisimama akatikisika. "Tumepata uhuru ili watu wabadilishane kama mbuzi mnadani? Huu ni ubepari, Mwalimu!"

"Ndugu Mwenyekiti, haitoki hata senti. Kila timu inatoa ilichozidiwa nacho, inapokea ilichopungukiwa. Mimi nilidhani huo ndio ushirika."

Neno lilimwingia kama pipi. Kisha akahutubia kuhusu ushirika mpaka wajumbe wawili wakasinzia, na mwisho akatangaza kwamba mpango huo ulikuwa fikra yake ya muda mrefu. Tukapiga makofi. Vijana, mkitaka jambo lipite kwenye kamati, mwachieni mwenyekiti alizae.

Jioni nikampakulia Gervas, mboga ya maharage na nyama kidogo. Akaitazama ile nyama.

"Kuna nini leo?"

"Haule anakutaka Mikumi. Fundi mkuu wa mitambo ya kambi, na unahodha wa timu."

Akacheka. "Haule ananitaka kila mwaka. Umemwambia nini?"

"Nimemwambia sawa."

Akaendelea kucheka kidogo, kama gari lililozimwa ambalo bado linabingirika. Kisha likasimama. "Umemwambia sawa."

"Gervas, ukibaki hapa hawa vijana hawatacheza kamwe. Watakuangalia wewe mpaka uzeeke, halafu uwanja ulimwe pamba. Wewe unahitaji timu ya kushinda leo. Mimi nahitaji timu ya kesho."

"Kwa hiyo unajenga nyumba mpya, na mimi ni ukuta wa kubomoa."

"Sikusema hivyo."

"Wanakupa nani?"

Nikamwambia. Nilipofika kwenye jina la Saitoti aliweka tonge chini. "Yule wa langoni? Anayegonga watu?" Nikasema na zamu ya kuchagua. "Ya kumchagua nani?" Nikasema sijui bado. Akanyanyuka, akatoka nje, akakaa kwenye ngazi. Nilimfuata nikakaa ngazi ya chini yake. Hakuniangalia. Akasema, "Angalau Haule anajua mpira."

Akaenda. Kiburi kilimpeleka, na mshahara wa fundi mkuu, na sidhani alitaka nione kwamba ameumia. Kila Jumamosi isiyo na mchezo alipanda lori kuja nyumbani, akambeba binti yetu Rehema, akala, akaniuliza, "Timu yako haijambo?" Timu yako. Hapo awali ilikuwa timu yetu. Nilimjibu haijambo, na yeye alijua vizuri ilikuwa hoi. Usiku nikisahihisha madaftari ya wanafunzi, kimya cha nyumba ile kilikuwa kinanisumbua kuliko kelele zake za kukoroma, ambazo nilikuwa nimezilalamikia tangu tuoane. Mipango ya timu tatu kwenye simu zenu haina kipengele hicho.

Siku ya kuchagua chipukizi ikafika. Makocha wote walijua nitamchukua kijana mmoja wa Kimamba aliyekuwa mrefu kama nguzo ya simu. Nikasimama nikamtaja Benedikto, kijana wa milimani Vidunda, ambaye kimo chake kilikuwa cha kuombea radhi. Chitemo alicheka mpaka akashika ukuta.

"Mwalimu, zamu ya kwanza nzima, unachagua kizibo cha chupa!"

Nilikuwa nimemtazama Benedikto mchana kutwa. Kabla hajapewa mpira alikuwa ameshajua nani yuko wazi. Akipoteza, anageuka. Tena miguu ile ililelewa kwenye vilima. Wenzake wakiishiwa pumzi, yeye ndiyo kwanza anaamka. Kwa zamu niliyopewa na Chitemo nikamchukua mwingine, mrefu wa wastani, ambaye baada ya mwezi alipata kazi Dar es Salaam na hatujamwona tena. Nao huo ni mpango. Ukipanda mbili, moja inaliwa na ndege.

Saitoti alifika na rungu lake na sanduku la bati. Mazoezi ya kwanza aliruka kwa kila kivuli. Nikasimamisha mchezo.

"Kimamba walikufundisha nini?"

"Kuruka, mwalimu. Chitemo alikuwa anapiga kelele, ruka, ruka."

"Mimi nataka usiruke. Simama mbele ya mtu, inua mikono juu, basi."

Akafikiri. "Hiyo tu?"

"Hiyo tu."

"Basi Kimamba nilichoka bure."

Haikuwa rahisi hivyo, bila shaka. Mazoea hayatoki kwa kuambiwa. Msimu ule wa kwanza tulifungwa na kila mwenye mikono. Kule Mikumi, uwanja wao ulikuwa pembeni ya pori, mchezo ulisimama nyani walipochukua mpira, na mashabiki wakasema nyani wale walipasiana vizuri kuliko Radi. Gervas alitufunga atakavyo. Rehema, binti yetu wa damu, alikaa mapajani mwangu akishangilia Nyati. Haule akapata kombe lake. Sisi tukashika mkia.

Mwenyekiti akatimiza ahadi. Alialika wageni kutoka Morogoro washuhudie uwanja ukigeuka shamba, akavua koti, akashika jembe mwenyewe. Akalipiga. Jembe likaruka kama limepiga chuma. Akalipiga tena kwa nguvu za taifa zima, mpini ukavunjika, kipande kikaenda kuangukia miguuni mwa wageni. Ule udongo wa kichuguu, vijana, tuliutwanga kwa haki. Mgeni mmoja akaguna. Mwenyekiti akafuta jasho, akatangaza kwamba kulima uwanja kumeahirishwa hadi msimu ujao, litakapokuja trekta. "Na mkishika mkia tena," akaniambia pembeni, "mimi mwenyewe nitapanda juu ya hilo trekta."

Msimu wa pili mambo yakaanza kubadilika, polepole, kama maharage yanavyoiva: unafunua, bado, unafunua, bado, halafu unashtukia yameiva. Benedikto akawa anatoa pasi ambazo wenzake hawakujua kwamba wanazitaka. Saitoti akasimama. Kimamba, kwa akili ya Hamisi, ikapaa juu kabisa, na Chitemo akaacha kunicheka. Mikumi ikashuka, kwa sababu barabara ilikuwa inakwisha na watu wa Haule walikuwa wanaondoka na mitambo yao. Ikafika mechi ya mwisho, hapa Kilosa, sisi na Nyati. Atakayefungwa anashika mkia. Trekta lilikuwa limeegeshwa kiwandani. Mwenyekiti alihakikisha tunaliona tukipita.

Nilimwona Gervas akifunga kamba za viatu upande wa pili. Nywele za pembeni zilikuwa zimeanza kuwa nyeupe, sikuwa nimeziona zikianza. Akanipungia mkono kidogo, kama unavyompungia mtu mnayefahamiana. Nikajikuta namwonea huruma, kisha nikamwonea hasira kwa kunifanya nimwonee huruma, kisha mwamuzi akapuliza filimbi.

Sitawasimulia mchezo wote. Mwenyewe sikuuona wote, muda mwingine nilifumba macho. Gervas alifunga mpaka watu wa Kilosa wakasahau wako upande gani. Lakini kila alipofunga, Benedikto alikuwa ameshaanza safari ya kwenda upande wa pili. Mwishoni tulikuwa mbele kwa pointi moja, mpira wa kwao, na kila mtu uwanjani, hata mbuzi, alijua unakwenda kwa nani.

Gervas akaupokea karibu na goli. Mbele yake alisimama Saitoti. Gervas akauinua mpira, mabega, macho, kila kitu, ile hila yenyewe. Watu nyuma yangu waliruka. Mimi mwenyewe visigino vilinyanyuka. Saitoti hakuruka. Alisimama na mikono yake juu kama mtu anayeanika nguo. Gervas akamsubiri ashuke, lakini hakukuwa na mtu wa kushuka. Akauinua tena. Saitoti yuleyule. Filimbi ikalia mpira ukiwa bado mikononi mwa mume wangu.

Watu wakaingia uwanjani. Mwenyekiti akanyanyua kipaza sauti na kusema kwamba hayo yeye alishayasema zamani. Benedikto alibebwa, na kwa kimo chake walimbeba bila taabu. Mimi nilimtafuta Gervas. Alikuwa amesimama palepale na mpira, akimtazama Saitoti.

"Nani alikufundisha kutoruka?"

"Mwalimu," akasema Saitoti.

"Lini?"

"Siku ya kwanza."

Gervas akanigeukia, akatikisa kichwa, na usoni mwake sikuona hasira niliyokuwa nimejiandaa nayo. Alionekana kama fundi aliyefungua mashine ya mwenzake akakuta imefungwa vizuri.

Wiki chache baadaye kambi ya Mikumi ikavunjwa. Haule alimwomba waende pamoja kusini, kazi ipo, timu itakuwepo. Gervas akakataa, kiwanda kikamrudisha kwenye mitambo yake. Siku aliyorudi hakupitia nyumbani. Alikuja moja kwa moja uwanjani na begi lake, tukiwa mazoezini, vijana wote wakaacha kudunda mpira.

"Kocha," akasema. Hakuwahi kuniita hivyo. "Nimerudi. Natafuta nafasi."

Nikamtazama Benedikto, nikawatazama wale vijana waliokuwa wamejifunza kupasiana bila kumtafuta yeye.

"Kwenye timu hakuna nafasi, Gervas. Imejaa."

Aliinamisha kichwa, akahamisha begi kutoka mkono huu kwenda ule. Kijana mmoja akakohoa.

"Na nyumbani?"

"Nyumbani ipo," nikasema. "Lakini utaanzia benchi."